Raia, mkimbizi na mtu asiye na taifa: maneno ya historia yasomwayo Thornhill

Kaskazini mwa jiji la Toronto, nchini Kanada, baada ya kuivuka barabara ya Steeles, kuna kitongoji kiitwacho Thornhill. Kitongoji hiki hakina meya wake wala halmashauri yake. Tangu mwaka 1971 kimegawanywa na barabara ya Yonge: upande wa magharibi umo katika Vaughan, na upande wa mashariki umo katika Markham. Mgeni apitaye barabara ya Bathurst ataona nyumba za matofali, maduka, masinagogi na jengo kubwa la Kituo cha Jumuiya cha Jaffari. Wanaokutana humo kwa ibada ni Waislamu wa madhehebu ya Shia Ithnaasheri, na walioianzisha jumuiya hiyo mjini Toronto walikuwa kwa sehemu kubwa Makhoja waliotoka Afrika ya Mashariki. Ndiyo sababu, miongoni mwa wazee, Kiingereza na Kigujarati huchanganyika na Kiswahili cha Unguja, Dar es Salaam, Mombasa na Kampala.

Katika jimbo la Ontario kila mwanafunzi wa sekondari hulazimika kusoma historia ya Kanada tangu Vita vya Kwanza vya Dunia. Kama wenzake wa Dodoma, Nakuru au Mbale, naye hukabidhiwa orodha ya istilahi: ukoloni, utaifa, uraia, utaifishaji, mkimbizi, mauaji ya kimbari. Huzikariri, huzijibia mtihani, kisha huzisahau. Lakini kwa mwanafunzi wa Thornhill ambaye babu yake alizaliwa Jinja, au bibi yake alizaliwa Zanzibar, orodha hiyo ni habari za nyumbani kwao. Kila neno lililomo liliwahi kutamkwa na mkuu fulani, siku fulani, na likawafungulia jamaa zake mlango au likawafungia.

Makala haya yanayachukua machache kati ya maneno hayo na kuyafuata kutoka Afrika ya Mashariki hadi Thornhill, ili msikilizaji aliye mwanafunzi apate njia ya kuyapima mengine mwenyewe.

Mfano wa kwanza umo katika jina la kitongoji chenyewe. Thornhill ilipewa jina la Benjamin Thorne, mfanyabiashara Mwingereza aliyekuwa na vinu vya kusagia ngano hapo katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Unga wake ulisafirishwa hadi Uingereza, ambako sheria ziitwazo Sheria za Nafaka zilitoza ushuru mkubwa kwa ngano ya kigeni na kuipa nafuu ile iliyotoka katika makoloni. Mwaka 1846 Bunge la Uingereza lilizifuta sheria hizo. Vitabu vya historia huliita tukio hilo ushindi wa biashara huria, na ni kweli kwamba lilikusudiwa kumpunguzia mfanyakazi wa Manchester bei ya mkate. Thorne, ambaye biashara yake iliutegemea upendeleo ule, alifilisika, na mwaka 1848 akajiua. Istilahi ilikuwa moja, nayo iliwafikia watu wawili kwa sura mbili. Mwanafunzi aandikaye maana moja tu katika daftari lake amejifunza nusu ya habari.

Neno la pili ni raia. Katika Kiarabu, lilikotoka, asili yake ni kuchungwa: kundi la mifugo, na baadaye watu walio chini ya mtawala. Hivyo ndivyo lilivyotumika kwa muda mrefu katika pwani ya Waswahili. Mtu alikuwa raia wa Sultani, au raia wa Mwingereza, kwa maana ya kwamba alitawaliwa naye. Uhuru ulipokuja, neno hilohilo likabebeshwa maana mpya: mtu mwenye haki ya kupiga kura, kumiliki mali, kuingia nchini na kukaa bila kuomba ruhusa. Herufi hazikubadilika, ila aliyekuwa akichungwa akawa na haki ya kumuuliza mchungaji maswali.

Swali likawa ni nani aingie katika neno hilo jipya. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Uganda tarehe 9 Oktoba 1962, Kenya tarehe 12 Desemba 1963. Mnamo Oktoba 1961, muswada wa uraia ulipojadiliwa katika Bunge la Tanganyika, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika pekee kwanza. Julius Nyerere aliwapinga kwa ukali, akisema kwamba uraia wa kupima rangi ya ngozi ungekuwa ni kuurudia ule uovu uliokuwa ukipigwa vita, na akaeleza kwamba serikali yake ilikuwa tayari kujiuzulu kuliko kuukubali. Muswada ukapita bila ubaguzi huo.

Nchini Uganda na Kenya, watu ambao sheria haikuwafanya raia moja kwa moja walipewa miaka miwili ya kuomba. Uraia wa nchi mbili haukuruhusiwa. Katika familia nyingi za Kihindi baba aliomba uraia wa nchi mpya, ndugu yake akabaki na pasipoti ya Uingereza, na mtoto mkubwa akasubiri kuona upepo unavuma wapi. Kwao ilikuwa busara ya kawaida ya mfanyabiashara, kwamba nyumba isiwe na mlango mmoja tu. Kwa majirani zao Waafrika, waliokuwa wameupigania uhuru bila ya kuwa na mlango wa pili, tendo hilo lilionekana kuwa kuweka mguu mmoja ndani na mguu mwingine nje. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na kutoelewana huko kukaja kutumiwa na watu wasiokuwa na nia njema na upande wowote.

Hata hivyo, ule mlango wa pili haukuwa imara kama walivyodhani. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizowabana wasio raia, na maelfu wakaanza kuelekea London. Bunge la Uingereza lilijibu kwa haraka isiyo ya kawaida. Kwa sheria iliyoanza kutumika Machi 1968, mwenye pasipoti ya Uingereza ambaye hakuwa na mzazi wala babu aliyezaliwa huko hakuwa tena na haki ya kuingia apendavyo. Alikuwa raia kwa karatasi, lakini si kwa mlango. Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kwamba ubaguzi huo wa rangi ulikuwa sawa na kuwadhalilisha watu.

Kundi la tatu la maneno ni unyonyaji, ubepari, ukabaila na utaifishaji. Ili kuyatendea haki, inafaa kukumbuka hali iliyoyazaa. Serikali za kikoloni ziliwapanga watu kwa tabaka za rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Katika Tanganyika, sheria ya mwaka 1923 ilizuia Waafrika wasikopeshwe kwa urahisi, na mtu asiyepata mkopo hawezi kufungua duka la maana. Nchini Uganda, mkulima wa pamba aliiuza kwa mitambo ya kuchambulia iliyomilikiwa na Wahindi na Wazungu. Ghasia za mwaka 1945 na 1949, na mgomo wa kususia maduka ya Waasia huko Buganda ulioanza mwaka 1959 chini ya Augustine Kamya, havikutoka hewani. Malalamiko yalikuwa ya kweli.

Azimio la Arusha la Februari 1967 liliyapa malalamiko hayo lugha. Liliueleza unyonyaji kuwa uhusiano: mtu mmoja kuishi kwa jasho la mwingine. Mabenki na viwanda vikubwa vilitaifishwa, na mwezi Aprili 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000. Sheria hiyo haikutaja rangi. Lakini kwa kuwa wenye majengo mjini walikuwa Waasia kwa wingi, ni wao waliopigwa. Kwa baadhi yao jengo la ghorofa mbili mjini Dar es Salaam au Tanga lilikuwa akiba ya maisha ya ndugu kadhaa, na baada ya hapo wengi walianza kuulizia habari za Uingereza na Kanada.

Hapa pana jambo ambalo mwanafunzi anapaswa kulitazama kwa makini kuliko tarehe. Neno mnyonyaji lilibuniwa kumtaja mtu kwa tendo lake. Mitaani likaanza kumtaja mtu kwa sura yake. Karani maskini wa Kihindi aliyepanga chumba kimoja aliitwa mnyonyaji, ilhali tajiri mwingine wa asili tofauti alipita bila kuitwa lolote. Istilahi iliyokuwa chombo cha kuchunguzia jamii ikawa alama ya kubandikwa mtu usoni. Mabadiliko kama hayo hayatokei kwa tangazo; hutokea polepole, katika masoko, magazeti na mikutano, na kwa kawaida huonekana wazi pale yanapokuwa yamekwisha kukamilika.

Nchini Uganda yalikamilika tarehe 4 Agosti 1972. Siku hiyo Idi Amin, akiwahutubia wanajeshi mjini Tororo, alitangaza kwamba Waasia wenye pasipoti za Uingereza wangetakiwa kuondoka. Walipewa siku 90, ambazo zilikwisha tarehe 8 Novemba. Amin aliiita hatua hiyo vita vya uchumi. Uteuzi wa neno vita haukuwa wa bahati mbaya, kwani vita huwa na adui, na mali ya adui huwa ngawira. Maduka, viwanda na mashamba yaligawiwa askari na watu waliokuwa karibu na utawala. Waganda wakawapa hao matajiri wapya jina la Kiswahili, mafuta mingi. Bidhaa zilipoadimika madukani, biashara ya magendo ikashamiri, na wachumi wa nchi za nje wakalichukua neno magendo na kulitumia katika maandishi yao ya Kiingereza. Hivyo Kiswahili kikachangia istilahi mbili katika historia ya uchumi wa karne ya 20, zote mbili zikieleza jinsi vita vile vilivyomwumiza mwananchi aliyeambiwa kwamba vinapiganwa kwa ajili yake.

Wakati wa siku zile 90, Waasia waliojiona kuwa raia wa Uganda walitakiwa kupeleka hati zao zikaguliwe. Wengi waliambiwa kwamba hati hazikutimiza masharti: fomu ilichelewa, au uthibitisho wa kuukana uraia wa Uingereza haukufika kwa wakati. Mtu aliingia katika foleni akiwa Mganda, akatoka akiwa si wa nchi yoyote. Hilo ndilo neno la nne, mtu asiye na utaifa. Umoja wa Mataifa ulikuwa umelitungia mkataba mwaka 1954, na mwingine wa kupunguza hali hiyo mwaka 1961. Watu hao walisafirishwa hadi kambi za muda katika nchi za Ulaya, zikiwamo Austria, Italia, Ubelgiji, Uhispania na Malta. Ikatokea kwamba mume mwenye pasipoti moja yuko Uingereza, na mke asiye na pasipoti yoyote yuko kambini katika nchi nyingine.

Asidhani msikilizaji kwamba neno hilo ni la zamani. Wamakonde ambao wazee wao walitoka Msumbiji tangu miaka ya 1930 kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani ya Kenya waliishi Kwale kwa vizazi bila ya kitambulisho. Mwaka 2016 walifunga safari kwa miguu kuelekea Nairobi, na baada ya hapo serikali ikawatambua kuwa raia. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Wapemba wa pwani hiyohiyo, wavuvi ambao kwa muda wote huo walikuwa wakikosa hata leseni ya kuvulia samaki kwa halali. Mtu asiye na utaifa si lazima awe amefukuzwa kokote. Aweza kuwa amekaa palepale alipozaliwa, na sheria ndiyo iliyompita.

Neno la tano, mkimbizi, ndilo linalotumiwa zaidi na kufikiriwa kwa uchache zaidi. Katika Kiswahili linatokana na kukimbia, na yeyote akimbiaye huitwa hivyo. Katika sheria maana yake ni finyu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 unamtaja mtu aliye nje ya nchi yake, ambaye ana hofu ya kweli ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi la kijamii au maoni ya kisiasa. Hapo mwanzo ulihusu tu matukio ya kabla ya mwaka 1951. Itifaki ya mwaka 1967 ndiyo iliyouondoa mpaka huo. Nao Umoja wa Nchi Huru za Afrika, katika mkataba wake wa mwaka 1969, uliipanua maana hiyo iwajumuishe wakimbiao uvamizi, utawala wa kigeni na machafuko makubwa.

Sasa mtazame mtu aliyesimama katika foleni ya ofisi ya Kanada mjini Kampala, mwezi Septemba 1972. Alikuwa bado yumo Uganda. Kwa herufi za mkataba hakuwa mkimbizi, kwa sababu hakuwa ametoka. Serikali ya Pierre Trudeau ilikuwa imetangaza mwezi Agosti kwamba ingewapokea baadhi ya Waasia hao, na maofisa wake waliwachagua kwa kutumia mfumo wa kawaida wa uhamiaji uliokuwapo tangu mwaka 1967, ambao ulitoa alama kwa elimu, ujuzi na lugha, ingawa masharti yalilegezwa kwa kuwa hali ilikuwa ya dharura. Ndege ya kwanza ya kukodi iliondoka tarehe 27 Septemba kuelekea Montreal, ambako waliofika walipokewa katika kambi ya jeshi ya Longue-Pointe na kupewa nguo za baridi. Kufikia mwisho wa mwaka huo wapatao 6,000 walikuwa wameingia Kanada. Uingereza, pamoja na ile sheria yake ya mwaka 1968, iliwapokea wapatao 28,000.

Kanada huikumbuka habari hiyo kwa fahari, na kuna sababu. Lakini mwanafunzi wa Thornhill ana jirani ambaye kumbukumbu yake ni nyingine. Katika barabara ya Bayview, sinagogi la Temple Har Zion limekaa ubavuni mwa kituo cha Kiislamu ambacho Makhoja wa Afrika ya Mashariki walikitumia kabla ya kile cha Bathurst. Wayahudi wa Thornhill wanaijua habari ya meli ya St. Louis, iliyoondoka Hamburg mwezi Mei 1939 ikiwa na Wayahudi zaidi ya 900 waliomkimbia Hitler. Kuba iliwakataa, Marekani ikawakataa, Kanada nayo ikawakataa. Meli ilirejea Ulaya, na abiria wake 254 waliuawa katika mauaji ya Wayahudi yaliyofuata. Waziri Mkuu Justin Trudeau, mtoto wa yule aliyewapokea Waasia wa Uganda, aliomba radhi kwa niaba ya nchi tarehe 7 Novemba 2018.

Abiria wa St. Louis waliitimiza maana ya mkimbizi kwa kila kipimo, lakini mwaka 1939 neno hilo halikuwa na sheria ya kuwalinda. Wasafiri wa Kampala hawakuitimiza kwa herufi, lakini mwaka 1972 walikuta serikali iliyokuwa tayari kuwapokea. Tofauti haikuwa katika kiasi cha shida waliyokuwa nayo watu hao. Ilikuwa katika nchi iliyoombwa: mpaka miaka ya 1960 Kanada iliwapendelea wahamiaji wa Kizungu waziwazi, na tarehe 8 Oktoba 1971, miezi kumi tu kabla ya tangazo la Amin, ilikuwa imetangaza rasmi sera ya tamaduni nyingi. Ilikuwa pia katika mahitaji yake ya watu wenye elimu na ujuzi. Huruma ilikuwapo, na hesabu nayo ilikuwapo.

Je, mwanafunzi afanye nini na orodha yake? Kwa kila istilahi na ajiulize mambo manne. Ni nani aliyelitamka neno hili, na alikuwa na madaraka gani? Lilimtaja mtu kwa tendo lake au kwa asili yake? Aliyetajwa nalo alipata nini, au alinyang'anywa nini? Na je, yeye mwenyewe angejiita hivyo? Wazee wengi waliotoka Uganda hawakupenda kuitwa wakimbizi. Walijiona kuwa watu walioondolewa kwao. Wengine, baada ya utawala wa Amin kuanguka mwezi Aprili 1979 na sheria ya mwaka 1982 kuruhusu mali kurejeshwa, walirudi Kampala na Jinja kudai nyumba zao, na kukuta mpangaji ambaye naye alikuwa amezaa na kulea watoto humo. Hapo mtihani wa maneno huanza upya, kwani yupi kati yao ndiye mwenye nyumba na yupi mgeni?

Katika nyumba nyingi za Thornhill kuna kabati au sanduku lenye pasipoti za zamani: moja ya Mlindwa wa Uingereza, moja ya Uganda iliyofutwa, cheti cha kuzaliwa cha Zanzibar chenye nembo ya serikali isiyokuwapo tena, na karatasi ya Kanada yenye muhuri wa mwaka 1972 au 1974. Wazee waliobaki kuzieleza wanapungua kila mwaka. Mwanafunzi ambaye ana mtihani wiki ijayo angefanya vyema kumwomba bibi yake amfungulie sanduku hilo kwanza, akazisoma karatasi hizo moja baada ya moja, kisha ndipo akafungue kitabu.